Hiyo k ya "knee" inafanya nini pale?

"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu hapa Morogoro, ametokea shule ya msingi ya Kiswahili na kule alikuwa anaongoza. Sasa kila jioni analia na daftari la Kiingereza. Kwenye imla ya juzi amepata 4 kati ya 20. 'Night' kaandika 'nait', 'knee' kaandika 'nii', 'debt' kaandika 'det'. Ananiuliza: baba, hiyo k na hiyo gh zinafanya nini pale kama hakuna anayezitamka? Sikuwa na jibu. Jirani mmoja anasema Kiingereza ni Kilatini kilichoharibika. Mwingine anasema Waingereza walikifanya kigumu makusudi ili sisi tusikijue. Mwalimu wake kamwambia hakuna kanuni, akariri tu. Nani mkweli? Lugha hii ilifikaje hapa? Na je, nimtafutie tuisheni, au mtoto ana kasoro? Naogopa."

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mtoto anayesikia "nait" akaandika "nait" masikio yake ni mazima na kichwa chake pia. Amefanya kile hasa alichofundishwa miaka yote ya shule ya msingi: sikia sauti, iandikie herufi yake. Katika Kiswahili njia hiyo haimwangushi mtu. Katika Kiingereza inawaangusha hata wenye lugha. Watoto wa Uingereza huchukua muda mrefu zaidi kujua kusoma kuliko wenzao wa Finland na Italia, ambako maneno huandikwa karibu sawa na yanavyosemwa. Wamarekani nao wana mashindano ya kitaifa ya kutaja herufi za maneno tangu 1925. Jaribu kuandaa mashindano ya namna hiyo kwa Kiswahili uone kama utapata mshindi, maana wote watashinda. Suala la kasoro nitalirudia, kwa sababu dalili za kuangalia zipo, ila hizi ulizonitajia hazimo.

Swali la binti lina jibu fupi: herufi hizo zilikuwa zinatamkwa. K ya "knee" ilitamkwa, gh ya "night" ilitamkwa. B ya "debt" peke yake ndiyo haikuwahi kutamkwa na Mwingereza yeyote, nayo ina kisa chake. Jibu refu linahitaji twende nyuma miaka kama elfu moja na mia tano, na njiani tutakutana na majirani zako wote wawili.

Wa kwanza amekosea, ingawa naelewa kilichompoteza. Fungua kamusi ya Kiingereza utakuta zaidi ya nusu ya maneno yametoka katika Kifaransa na Kilatini. Lakini ukoo wa lugha haujulikani kwa kuhesabu maneno ya kamusi. Kwa kipimo hicho kuna watu wamewahi kusema Kiswahili ni Kiarabu, kwa sababu ya kitabu, habari, safari na mamia ya mengine, wakati kitenzi kama "wanatupigia" hakina hata chembe ya Uarabu. Lugha tunaipima kwa mifupa yake: maneno ya mwili, ya ndugu, ya hesabu, na vineno vidogo vinavyoshikilia sentensi. Kilatini husema pater, Kiingereza father. Kilatini piscis, Kiingereza fish. Pes na foot. Tres na three. Centum na hundred. Cornu na horn. Ona mpangilio: penye p ya Kilatini Kiingereza kina f, penye t kina th, penye c inayotamkwa k kina h. Jacob Grimm, yule Mjerumani aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na nduguye, aliupanga utaratibu huu wazi mwaka 1822. Mabadiliko ya mpangilio namna hiyo hutuambia kwamba Kilatini na Kiingereza ni binamu waliotengana zamani mno. Ndugu wa karibu wa Kiingereza ni Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Maneno ya Kilatini yalikuja baadaye, yakiwa wageni.

Wenye lugha walifika kwa mashua. Jeshi la Warumi liliondoka Britania mnamo 410, na katika karne hiyo ya 5 wakaanza kuingia Waangli, Wasaksoni na Wajuti kutoka pwani za kaskazini mwa Ujerumani na Denmark ya leo. Wenyeji walisema lugha za Kikelti. Kiwelishi ni mzao wake, na bado kinasemwa. Kwa Waangli ndiko lilikotoka jina la Kiingereza. Mwaka 597 wamisionari waliotumwa na Papa Gregori walifika Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na pamoja na dini wakaja na alfabeti ya Kilatini. Hapo ndipo hadithi ya binti yako inapoanzia, maana watawa wale walikabidhiwa herufi za lugha moja waandikie lugha nyingine, na walifanya kazi nzuri. Waliandika walichosikia. Sauti ambazo Kilatini hakikuwa nazo, kama th, walizitungia au kuziazimia herufi. "Night" waliiandika niht, na hiyo h ilikwaruza kooni karibu kama kh ya "sheikh" kwa wanaoitamka sawasawa. "Knee" waliiandika cneow, na c yake ni k kamili. Wajerumani hawakuipoteza hata leo: goti kwao ni Knie, k inasikika, na usiku ni Nacht, mkwaruzo uko pale pale. Binti yako angefanya imla mwaka 1000, kwa mtindo wake huo huo wa kuandika anachosikia, angepata 20 kati ya 20.

Kikafuata kipindi cha watu wa kaskazini, ambao tunawajua kwa jina la Waviking. Walivamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, wakaendelea kuja, na wengi wakabaki kulima na kuoa. Lugha zao na Kiingereza zilikuwa karibu kiasi cha watu kuelewana kwa kubahatisha, na kutoka kwao Kiingereza kikachukua egg, knife, sky, window, law na, jambo la nadra sana kwa lugha yoyote, viwakilishi: they, them, their. Hebu fikiria lugha inaazima hata neno la kusemea "wao". Ndivyo watu walivyochanganyika.

Halafu 1066. William, mtawala wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, alivuka bahari, akamshinda mfalme Harold huko Hastings, na kwa zaidi ya karne mbili wakubwa wa Uingereza wakawa wanasema Kifaransa. Kilatini kilikuwa cha kanisa na nyaraka, Kifaransa cha ikulu na mahakama, Kiingereza cha shambani na jikoni. Alama ya mpangilio huo bado ipo mezani. Mnyama akiwa hai, akichungwa na mkulima, jina lake ni la Kiingereza: cow, sheep, pig. Akishapikwa na kupelekwa kwa bwana anageuka Mfaransa: beef, mutton, pork.

Makarani waliozoea kuandika Kifaransa ndio walioanza kuyavisha maneno ya Kiingereza nguo ngeni. Neno la malkia lilikuwa cwen. Wakaliandika kwa qu, kama walivyozoea, likawa queen. Nyumba ilikuwa hus, ikitamkwa kwa u ndefu kama ambavyo mtoto wa Kiswahili angeisoma. Kwa Kifaransa sauti u huandikwa ou, basi ikawa hous. Cild ikawa child. Ile h ya mkwaruzo wakaifanya gh, na niht ikawa night. Kumbuka kwamba mpaka hapo hakuna herufi iliyokuwa bubu. Mtindo wa kuandika ndio uliobadilika, sauti ilikuwa bado ipo mdomoni. Hata ile o inayowasumbua wanafunzi katika love, son na come, wakati inatamkwa kama a, maelezo yanayokubaliwa na wengi ni ya kikarani tu: zamani ziliandikwa kwa u, ila katika mwandiko wa enzi zile u, n, m na v zote zilikuwa vijiti vya kusimama, vikifuatana huwezi kujua ipi inaishia wapi. Karani akaona aweke o asomeke.

Kiingereza kilirudi juu polepole. Wafalme walipoteza Normandy mwaka 1204, na mizizi ya wakubwa kule Ufaransa ikaanza kukatika. Tauni ya 1348 na 1349 iliua watu wengi mno, na vibarua waliobaki, wasemaji wa Kiingereza, wakawa na thamani. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawaelewi Kifaransa. Sheria yenyewe, cha kuchekesha, iliandikwa kwa Kifaransa. Tangu 1417 mfalme Henry V aliandika barua zake nyingi kwa Kiingereza, na makarani wa serikali wakafuata.

Ila Kiingereza kipi? Kila jimbo lilikuwa na chake. William Caxton, aliyejifunza uchapaji akiwa ng'ambo na kufungua mtambo wa kwanza wa Uingereza huko Westminster mwaka 1476, anasimulia katika dibaji ya kitabu alichokichapa 1490 kuhusu wafanyabiashara waliosimamisha meli yao mtoni, wakashuka kununua chakula. Mmoja akamwomba mama mwenye nyumba egges. Mama akajibu kwamba yeye Kifaransa hakijui. Yule bwana akakasirika, maana hata yeye hakukijua. Mpaka mwenzake aliposema eyren ndipo mama akaelewa kwamba wanataka mayai. Egges lilikuwa lile neno la Waviking, eyren la Kiingereza cha kale, na mchapaji wa watu akawa anajiuliza aandike lipi. Naipenda sana habari hii kwa sababu inaonyesha uamuzi ulikuwa mikononi mwa nani: mfanyabiashara mwenye mtambo, haraka na wateja. Baraza la lugha halikuwepo. Hata h ya "ghost" wanaisimu huiweka kwenye hesabu ya wachapaji hao waliozoea maandishi ya Kiflemi, ndugu wa Kiholanzi. Kabla ya hapo neno hilo halikuwa na h.

Vitabu vikasambaa, macho ya watu yakazoea sura za maneno, na tahajia ikaanza kuganda. Bahati mbaya iliganda wakati mbaya kuliko wote. Kati ya takriban 1400 na 1700 matamshi ya Kiingereza yalikuwa yanahama, na mtambo wa Caxton ukaingia katikati ya safari.

Hapa nakuomba umwite binti asogee, maana ataweza kulijaribu mwenyewe. Aweke kidole kidevuni aseme a, e, i polepole. Ataona taya linapanda na ulimi unakwenda juu mbele. Aseme tena a, o, u: mdomo unabana na ulimi unapanda nyuma. Zile ni ngazi. Sasa, katika karne hizo tatu kila irabu ndefu ya Kiingereza ilipanda ngazi moja. Neno "moon" lilitamkwa kwa o ndefu, mo-on, kama zilivyo herufi zake. O ikapanda ikawa u, ndiyo "muun" ya leo. "Meet" ilikuwa na e ndefu kweli, ikapanda ikawa i. "Name" ilikuwa na a ndefu, ikapanda kuelekea e, na leo ni "neim". Zile zilizokuwa kileleni tayari, i na u, hazikuwa na ngazi ya kupanda, zikapasuka vipande viwili: "time" iliyokuwa "tiim" ikawa "taim", na hous iliyokuwa "huus" ikawa "haus". Irabu fupi hazikuguswa. Ndiyo maana bed, sit na top binti yako anaziandika bila shida.

Kwa hiyo mtoto wa Morogoro akisoma "name" kama na-me na "time" kama ti-me, darasa litacheka, lakini msomaji wa London wa miaka ya 1390, rika la mshairi Chaucer, angemwelewa vizuri kabisa. Anasoma kile kilichoandikwa. Herufi zimebaki mahali pake, sauti ndizo zilizohama. Ni kama kituo cha daladala kinachoitwa Mwembeni wakati mwembe ulishakatwa: jina si la uongo, lina umri tu.

Ile e ya mwisho wa "name" pia ilikuwa silabi kamili. Ilinyamaza kadiri ya karne ya 15, ila badala ya kufutwa ikapewa kazi mpya ya kumwambia msomaji kwamba irabu iliyotangulia ni ndefu. Linganisha hat na hate, bit na bite, not na note. Gh nayo ikanyamaza, lakini si kwa mtindo mmoja: katika majimbo mengine mkwaruzo uligeuka f, kwingine ukapotea, na London iliyopokea watu wa kila upande ikachukua huku na kule. Matokeo yake ni tough na cough kwa upande mmoja, though na through kwa upande wa pili. K ya "knee" na "knife" ilidumu zaidi, mpaka kwenye karne ya 17. Kwa kipimo cha lugha, hiyo ni jana.

Sasa b ya "debt". Hii haina utetezi. Neno lilikuja kutoka Kifaransa likiwa dette, bila b, na watu waliliandika hivyo. Wasomi wa zama za mwamko wa elimu huko Ulaya, waliokuwa wakikiabudu Kilatini, wakakumbuka kwamba asili yake ni debitum, wakaitia b ili neno lionekane limesoma. Wakafanya hivyo hivyo kwa "doubt". Kwenye "island" walijikwaa kabisa. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, igland, wala halikuwahi kuwa na s. Walidhani ni la ukoo wa insula ya Kilatini kama lilivyo isle, wakalitia s ambayo haikuwa yake, na watoto wa dunia nzima wanaibeba mpaka leo. Kwa hiyo "det" ya binti yako iko karibu na ukweli wa kihistoria kuliko jibu sahihi la mwalimu. Usimwambie mwalimu hivyo, lakini mwambie mtoto.

Jirani wako wa pili, basi, ana robo ya haki. Hakuna aliyekaa akapanga kutunyima lugha. Tahajia iliganda kabla Mwingereza hajawa na koloni huku kwetu. Ufaransa ilianzisha chuo chake cha kulinda lugha mwaka 1635. Uingereza haikuwahi kuwa nacho, ingawa mwandishi Jonathan Swift alikipigia debe mwaka 1712. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 alichukua kwa sehemu kubwa tahajia aliyoikuta kwa wachapaji. Robo ya haki ni hii: ikishaganda, tahajia iligeuka kipimo cha nani amesoma na nani hajasoma, kule kwao kwanza, kisha kwetu. Majeraha ya imla unayoyaona nyumbani yametokana na matumizi hayo.

Wapo waliojaribu kuisafisha. Noah Webster wa Marekani aliondoa u kwenye colour, akageuza centre kuwa center, na vitabu vyake, ikiwemo kamusi ya 1828, vikafanya hizo ziwe tahajia za Marekani. Alitaka pia tongue iwe tung, hiyo ikakataliwa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza mchapaji wa serikali atumie tahajia mpya kwa maneno 300, wabunge wakamgomea. Ugumu ni kwamba ukitaka kuandika Kiingereza kinavyotamkwa, lazima kwanza uamue kinatamkwa na nani. Mmarekani anaitamka r ya "shirt". Mwingereza wa London haitamki, na sisi tuliolipokea kwa masikio kutoka kwa hao wa pili tukasema "shati".

Kiswahili kilipata bahati ya kuja baadaye. Kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zililetwa na wamisionari wa karne ya 19, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha lugha kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Watu walikaa mezani wakapanga herufi kwa sauti za wakati wao. Hatujafikisha hata miaka mia, kwa hiyo sauti hazijapata muda wa kuzikimbia herufi. Lakini zimeanza. Sikiliza mtaani kwako: wangapi wanasema "selasini" na wanaandika "thelathini"? Wanasema "zahabu", wanaandika "dhahabu"? Huenda binti yako ni mmoja wao. Kama ni hivyo, kazi ya Kiingereza anaijua tayari, ya kuandika sauti ambayo mdomo wake hauitamki, na alikuwa anaongoza darasa huku akiifanya.

Jambo moja dogo nisilipite, kwa kuwa naulizwa mara kwa mara: akikutana na thou na hath katika Biblia ya 1611 au katika Shakespeare, aliyefariki 1616, asiambiwe hicho ni Kiingereza cha kale. Hicho ni Kiingereza cha sasa katika ujana wake. Kiingereza cha kale chenyewe, kile cha kabla ya 1066, hata Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kufundishwa.

Tuje kwenye la kufanya. Mwalimu wake aliposema hakuna kanuni alizidisha, ingawa simlaumu, maana wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo. Kanuni zipo, zimepangana kwa tabaka za historia. Maneno mafupi ya kila siku ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa ndiyo ya zamani kuliko yote: one, two, who, was, said, could. Hayo hayana ujanja, akariri kidogo kidogo, matano kwa siku, kwa kuyaandika ndani ya sentensi. Kumwandikisha neno moja mara hamsini kunachosha mkono tu. Kufikia mara ya kumi mkono unaandika wenyewe na akili iko kwingine.

Maneno marefu yaliyoingia kupitia Kilatini na Kigiriki, ambayo wazazi huyaogopa, kwa kawaida ni rahisi zaidi. Important, transport, information: akijua kwamba -tion ni "shen" amefungua mamia ya maneno kwa mara moja. Akijua ph ni f, "photosynthesis" ya biolojia inasomeka kwa silabi kama neno la Kiswahili. Kidato cha kwanza kimejaa maneno ya namna hiyo, na hilo linamfaa yeye.

Kati ya hayo mawili kuna njia ninayoipenda kuliko zote: kupanga maneno kwa koo. Herufi bubu mara nyingi husikika kwa ndugu yake. W ya "two" haisikiki, lakini isikilize katika twelve, twenty, twin. G ya "sign" inaamka katika signal na signature. Irabu nazo hivyo hivyo: child na children, wise na wisdom, five na fifteen. Zilizobaki fupi hazikupanda ngazi, zilizokuwa ndefu zilipanda, na tahajia ikawaacha ndugu wafanane. Mtoto aliyezoea kuona "soma, somo, msomi, masomo" kuwa ukoo mmoja huishika njia hii haraka kuliko unavyotarajia. Njia hii haitamsaidia kwa kila neno, nakiri, na kwa imla ya wiki ijayo bado atahitaji kukariri. Faida yake inaanza kuonekana baada ya miezi.

Tuisheni inategemea. Ikiwa ni ya kunakili notisi ubaoni, tunza hela yako. Ikiwa mwalimu anawasomesha kwa sauti, wanasikia na kuandika papo hapo, na hawazidi idadi ya kuweza kusikilizwa mmoja mmoja, inafaa. Kama huna uwezo huo, kamusi ya simu inayotamka maneno, dakika kumi na tano kila jioni, inafanya sehemu kubwa ya kazi: anaona neno, analisikia, analifunika, analiandika, anafunua. Tahajia achague moja; shule zetu zinatumia ya Uingereza, basi aandike colour na centre, na asishangae simu ikimpigia mstari mwekundu kwa kuwa imepangwa Kimarekani.

Na hofu yako ya kasoro. Mpe ukurasa wa Kiswahili ambao hajawahi kuuona asome kwa sauti. Akisoma kwa mtiririko na akaweza kukusimulia alichosoma, sina wasiwasi naye. Lakini akiwa anasoma Kiswahili nacho polepole mno kwa umri wake, anapoteza mstari, anabadilishana herufi mpaka leo, au anaelewa vizuri akisimuliwa na hafui dafu akisoma mwenyewe, basi usingoje matokeo ya mtihani. Katika lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, ugumu wa kusoma wanaouita disleksia hujificha: mtoto hakosei sana, anachelewa tu, na kwa kuwa ana akili anafidia kwa kukariri na anaweza hata kuongoza darasa. Kiingereza kinapokuja ndipo mambo yanafichuka. Anza na hospitali, apimwe macho na masikio, maana asiyeona ubao vizuri au asiyesikia tofauti ya f na th huonekana mzembe bila kosa lake. Baada ya hapo nenda ofisi ya elimu ya halmashauri ukaulize mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Mtu huyo hawezi kumpima kwa barua, na mimi pia siwezi. Lazima amwone akisoma. Nenda na daftari la Kiingereza na la Kiswahili pamoja, yakiwa na makosa yake yote, usiyasafishe.